Gauni la Kipaimara na Sufuria ya Bibi

Shikamoo Mama Veronika,

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nasoma kidato cha tatu kule Tukuyu, na ninakuandikia kwa sababu kuna jambo siwezi kulisema kwa mdomo, nikijaribu sauti inapotea, lakini nikishika kalamu napata nguvu kidogo, kwa hiyo naomba unisaidie kabla ya Jumapili ya kipaimara, ambayo zimebaki wiki tatu tu.

Shida ni tumbo langu. Mwezi wa kwanza fundi Justa wa Makandana alinipima gauni jeupe la kipaimara, maana yeye hupokea kazi mapema, na mwezi wa tatu baba yangu akafariki, na mwezi wa sita nilipokwenda kulijaribu gauni zipu ilikwama katikati ya mgongo, fundi Justa akavuta, akaniwekea goti, akamwita dada mmoja aliyekuwa anasubiri sketi yake aje ashike upande wa pili, na mwishowe akasema mbele ya wateja wote, "We mtoto, hili gauni nilimshonea msichana mwingine. Umemmeza?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, ndivyo ninavyofanya nikitaka kulia.

Ukweli ni kwamba najua tumbo lilikotoka. Mimi ndiye ninayetunza ufunguo wa maktaba ya shule, na tangu mwezi wa tatu kila mapumziko nilikuwa nanunua maandazi matano na soda kwa mama anayeuza getini, nakwenda navyo maktaba, najifungia ndani, nakula nimesimama nyuma ya kabati la vitabu vya sayansi, haraka haraka kama mtu anayefukuzwa, wala sikuwa na njaa, ila nilipokuwa natafuna kichwa kilinyamaza, na nilipomaliza kilianza tena. Nyumbani mama yangu ni muuguzi, akiwa zamu nabaki peke yangu, natengeneza chai ya sukari vijiko vinne na mkate, na hicho nakiita chakula cha jioni. Mama Veronika, makombo yangu yalileta panya. Panya huyo alikitafuna kitabu cha baiolojia, ambacho kilikuwa kimoja tu kwa darasa zima, akaanzia mmeng'enyo wa chakula hadi mwisho wa sura, na mwalimu Hezron akatangaza paredini kwamba maktaba imevamiwa, na mimi nilikuwa mstari wa mbele, ufunguo nimeushika mfukoni mpaka ukaniachia alama kiganjani.

Panya aliacha ukurasa mmoja unaoeleza mafuta ya mwili. Niliusoma nikiwa nimekaa sakafuni, nikashangaa mno, kwamba mwili haujui kama nakula kwa huzuni au kwa njaa, wenyewe unapokea kila nilichokitupa ndani na kukiweka akiba kwa uaminifu, bila kuniuliza, kama bibi anavyoning'iniza mahindi juu ya jiko kwa ajili ya siku ambayo huenda isije. Nilijiona kama mtu aliyekuwa anaishi na mtumishi mwema bila kumfahamu. Lakini kushangaa hakukuifunga zipu.

Shule zilipofungwa nilikwenda Masoko kwa bibi Tulinagwe, mama yake baba, nikaamua huko ndiko nitakakolimaliza tumbo. Nilijifunga kanga kwa nguvu chini ya gauni, asubuhi nikawa nakunywa maji ya moto na limau, mchana nusu parachichi, jioni sili kabisa.

Naomba nikueleze kuhusu bibi, maana ananishangaza kuliko kitu chochote nilichowahi kukisoma. Ana miaka sabini na minne. Anabeba mkungu wa ndizi kichwani kutoka shamba la bondeni, kilima kile mimi nikipanda mikono mitupu nahema kama pampu ya baiskeli, yeye anapanda peku, mvua inanyesha, matope yanateleza, hashikilii mkungu, na njiani anasalimia kila mtu kwa jina na kuuliza habari za ng'ombe wake. Miaka yote nimemwona akila ndizi sahani imejaa na tumbo lake ni bapa kama ubao. Siku ya kwanza nilimwangalia nikawaza, huyu si mtu, huu ni mlima umeamua kutembea.

Kila jioni alipika, ndizi na maharage, au magimbi, au viazi na majani ya maboga, akafunua sufuria, harufu ikajaa nyumba nzima, akaniita.

"Mjukuu wangu, karibu tule."

"Nimeshiba, bibi."

"Umeshiba nini, mvua?"

"Nimeshiba tu."

"Haya."

Akafunika sufuria. Hakukasirika hata kidogo. Mimi nikaendelea kusoma kitabu changu, nikidhani atakula mwenyewe nikishalala.

Siku ya kumi tulikuwa tunatoka bondeni, mimi nimetangulia, nikasikia kishindo. Nilipogeuka mkungu ulikuwa unabingirika kuelekea mtoni na bibi ameketi kwenye matope, anaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akasema, "Kilima kimekua." Nilitaka kucheka nikashindwa, kwa sababu sijawahi kumwona ameketi chini katika kilima kile, sikujua hata kwamba inawezekana.

Jirani yake, bibi Ambindwile, ndiye aliyenisaidia kumfikisha nyumbani. Alimpa maziwa mgando, akamlaza karibu na moto, kisha akanivuta nyuma ya nyumba hadi kwenye banda la nguruwe.

"Mtazame huyu."

Nikamtazama.

"Amenenepa, hajanenepa?"

"Amenenepa, bibi."

"Basi huyo anakula chakula cha bibi yako. Kila asubuhi sufuria nzima! We mtoto wa marehemu Ambokile, tangu uje kupumzika hapa mwenzio anashinda na kiazi kimoja cha shambani, jioni hatii kitu mdomoni. Vidonge vyake vya presha anavimeza na maji matupu. Umekuja kumsalimia au kumfungisha?"

Yaani katika nyumba ile watu wawili tulikuwa tunakonda na nguruwe ananenepa.

Nikaenda kumwuliza bibi kwa nini. "Chakula cha kujificha ni cha panya," alisema, na mimi niliganda, kwa sababu habari za maktaba hazijui. Kisha akasema polepole, "Tangu niolewe sijala chakula cha jioni peke yangu. Babu yako alipokufa, Jumamosi alikuja baba yako, siku nyingine Ambindwile, siku nyingine mimi kwake. Sasa wewe umo humu ndani. Nikuache na njaa niende kula kwa jirani? Au nikupe mgongo nile mwenyewe? Siku nikila mwenyewe nitakuwa nimekubali kwamba mmeisha wote."

Hakusema kwa kunilaumu, alisema kama mtu anayetaja kwamba mvua itanyesha. Nimesoma vitabu vingi vinavyozungumzia upendo, na sijaona hata kimoja ambacho mtu anafunika sufuria jioni tisa mfululizo na kusema "haya."

Jioni ile nilikula naye. Nilikula sahani mbili, na kichwa kilinyamaza, na nilipomaliza kilibaki kimenyamaza, jambo ambalo maandazi hayajawahi kulifanya. Bibi alisema "ndaga," ndiyo asante ya kwetu, kana kwamba mimi ndiye niliyempikia. Lakini asubuhi nilipojifunga kanga ncha zilikuwa fupi kwa vidole viwili, nikaogopa sana. Sasa nimekwama. Nikila, nitasimama mbele ya kanisa zima zipu ikiwa wazi. Nisipokula, bibi hali, na nitamwua. Na sijamwambia sababu, kwa sababu nitamwambiaje mtu wa hivyo kwamba nilikataa chakula chake kwa ajili ya zipu? Nifanyeje?

Ni mimi,
Mtunza Ufunguo, Masoko

Mtunza Ufunguo, marahaba.

Barua yako nimeitoa mbele ya nyingine zote, na niliisoma mara ya pili nikiwa nimesimama. Ukimaliza kusoma hapa nisalimie bibi yako. Mwambie kuna mwanamke mmoja amemvulia kilemba.

Sasa tugombane. Unasema shida ni tumbo. Tumbo, zipu, kanga, vidole viwili, umeyaandika mpaka nimechoka. Baba yako je? Umempa maneno matatu, "baba yangu akafariki," ukamsukuma katikati ya gauni na zipu ukapita mbio. Mtoto, umefiwa. Nyuma ya kabati hukuwa unakula, ulikuwa unajificha usisikie. Pole, pole sana. Huo si ulafi na wala usijiite hivyo. Lakini andazi ni andazi tu, halijui kubembeleza, ndiyo maana ulihitaji la pili, na la tatu, na la tano.

Kanga hiyo ifungue leo, uibane kifuani ukitoka kuoga kama watu wengine. Limau halichomi mafuta, litakuchoma kiungulia. Na kulala njaa katika umri wako, wakati mifupa na akili bado vinajengwa, ni kosa kubwa. Wewe mwenyewe uliusoma ule ukurasa aliouacha panya! Mwili unaweka akiba kwa ajili ya siku ya njaa. Ukaamua kuuletea siku tisa za njaa, ukitegemea ufanye nini, uache kuweka? Mwenye kujinyima hivyo hurudi nyuma ya kabati, na akirudi hali maandazi matano tena, anakula kumi.

Ndizi za bibi hazikukunenepesha. Ni soda ya kila siku, chai ya vijiko vinne, maandazi ya kusimama, na huzuni isiyo na wa kuisikiliza. Anza na soda, iache. Chai iwe kijiko kimoja, ukizoea hata hicho utakiona kingi. Kula mara tatu kwa siku, umekaa, na mtu mbele yako. Maharage, majani ya maboga, magimbi, parachichi, mnavyo hapo nje ya mlango na watu wa mijini wanavitamani. Sahani moja, polepole, ukishiba uache. Zile sahani mbili zilikuwa njaa ya siku tisa, usizililie, na usijipime asubuhi kwa kanga, kwa sababu mafuta hayaji usiku mmoja wala hayaondoki usiku mmoja. Umeishangaa sahani ya bibi na tumbo lake bapa. Hukujiuliza sahani hiyo hupanda kilima gani kila siku. Akipata nafuu, shuka naye bondeni. Ugawane naye mzigo, beba chana mbili, baadaye tatu.

Tumbo litaisha kwa wiki tatu? Halitaisha, sikudanganyi. Litapungua kwa miezi, na huenda kidogo kikabaki, kwa sababu unakuwa mwanamke na mwili una mipango yake. Gauni ndilo litakalosogea. Kila fundi anayejua kazi huacha kitambaa ndani ya mshono. Nenda na mama yako kwa fundi Justa, afumue mbavu mbili, aongeze kipande kila upande. Na umwambie yale maneno yake yaliuma. Ukishindwa kusema, mwandikie. Kuandika unajua.

Mama yako aambiwe kila kitu wiki hii, na kwanza aambiwe kwamba bibi ameanguka. Mtu wa presha akiketi matopeni haachwi hivihivi; apelekwe akapimwe, na vidonge ameze kama alivyoelekezwa. Mama ni muuguzi, anahudumia watu kutwa, na sidhani anajua kwamba wa kwake anakunywa chai peke yake. Akiwa zamu, mpange utakula kwa nani. Shule zikifunguliwa, mwendee mwalimu Hezron kabla hajakuita, umkabidhi ufunguo na ukweli. Omba kitabu kama hicho shule ya jirani, uinakili kwa mkono ile sura iliyoliwa. Darasa zima halitakuwa na mtu anayejua mmeng'enyo wa chakula kukuzidi.

Limebaki la bibi. Unauliza utamwambiaje mtu wa hivyo. Mtu wa hivyo ndiye wa kuambiwa! Aliyefunika sufuria jioni tisa bila kukuuliza hatashindwa kuisikia zipu. Naye amefiwa na mtoto, usisahau. Mmekaa nyumba moja, kila mmoja na njaa yake, mnaambiana "nimeshiba" na "haya."

Leo jioni usingoje kuitwa. Funua sufuria wewe, pakua sahani mbili, ukae, useme, "Bibi, karibu tule." Akishaanza kula, mwambie habari za gauni, kisha mtaje baba yako kwa jina, mmoja wenu akilia mwingine amsubiri, halafu mmalizie chakula.

Nguruwe apewe maganda.

Mama Veronika