Akaunti Mia Nne na Kumi

Jumatatu, 4 Agosti
Barua pepe za hospitali nzima! Akaunti 410, kutoka seva ya zamani kwenda mpya, siku nne tu. Fundi aliyenitangulia aliomba mwezi mzima. Mimi nimeandaa orodha moja — jina na nywila, jina na nywila — programu inajihamishia yenyewe. Leo 120 zimefika salama. Mapipa ya takataka, zinakokaa barua zilizofutwa, nimeyaacha. Nani anahama na taka zake?

Mama ameniona nacheka peke yangu mezani. Nikamsimulia. Akanionya nisimtukane mamba kabla sijavuka mto. Mama naye!

Jumanne, 5 Agosti
300. Daktari wa meno alikuja juu, eti nimempotezea akaunti. Kumbe nywila anaiandika kwa herufi kubwa. Mimi tena!

Jumatano, 6 Agosti
Zote 410! Saa tisa alasiri. Nimehakiki mara mbili. Mkurugenzi kanipa mkono mbele ya watu, kasema mkataba wangu wa kudumu unachapwa. Kesho nafuta diski ya seva ya zamani, seva yenyewe tumekiahidi chuo cha wauguzi. Nina furaha, sifichi.

Alhamisi, 7 Agosti
Saa nne nilianza kufuta. Saa nne na nusu akaja Sista wa wodi ya watoto. Mpole, anashika miwani mkononi. Kasema matangazo ya semina anayaona yote, ila barua za watoto wake wagonjwa wa moyo hazimo.

Nikamuuliza alizihifadhi wapi.

Kwenye pipa.

Nilidhani ananitania. Seva ya zamani ilimbania nafasi, lakini vya kwenye pipa haikuvihesabu. Basi miaka sita, kila barua ya maana aliifuta makusudi ili ikae humo. Na wauguzi wenzake amewafundisha! Watoto kumi na wanne wamekubaliwa kupasuliwa nje ya nchi. Barua za kuwapokea, tarehe zao, hata anwani za madaktari wa huko — humo humo. Mmoja anasafiri Jumapili.

“Mwanangu, nilijua mnahama na vyote,” akasema. Hakupandisha sauti. Heri angenifokea.

Nilichomoa waya wa umeme kwa pupa. Asilimia kumi na nane ilishafutika. Nimeihamishia diski kwenye kompyuta yangu, programu ya kuokoa inapita akaunti moja moja kwa mpangilio wake, hairuki. Naamini itatoa kitu. Lazima itoe. Ila kosa ni langu, si la mashine.

Saa nane. Mkurugenzi kapita na bahasha ya mkataba, kauliza kama yote shwari. Nikamwambia hapana, nikamweleza yote. Kasimama mlangoni, hajaondoka. Bahasha bado anayo.

Sista kavuta kiti. Kauliza pipa lake litakuwa la ngapi. La 287. Tuko la 41. Matatu ya mwisho yametoka matupu, na hili sasa linaonyesha —