Kabla Hamisi Hajawa Dresa

Temeke, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mie, mkweo Zuhura na mjukuu wako tu wazima. Goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukienda shamba?

Umeniomba nimtafutie mdogo wangu Hamisi nafasi ya udresa hapa hospitali, awe anafunga vidonda kama mie. Unasema kazi iliyomfaa kaka itamfaa na mdogo. Mama, hata mie haikunifaa.

Unakumbuka rafiki yangu Yusufu alivyorudi likizo na kaptula nyeupe ya udresa, kijiji kizima kikamwita daktari? Wakati ule nilikuwa kwa mjomba, naranda mbao za milango, na roho yangu imetulia. Nikadhani heshima aliyopewa Yusufu ndiyo kazi yenyewe. Nikaacha randa, nikamfuata. Yusufu mpaka leo huingia wodini akitania wagonjwa. Mie kila asubuhi natamani siku iishe. Nilidhani nitazoea. Imezoea mikono tu.

Juzi nilikuwa namsafisha kidonda mzee mmoja, mchukuzi wa bandarini. Alinitazama sana, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, unanifunga vizuri, lakini unanifunga kama mzigo." Hakuwa na hasira. Nilimaliza, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, hadi Yusufu aliponifuata.

Jioni hiyo nilikwenda kwa seremala jirani yetu, nikamwomba anipokee. Akanipa ubao nirande. Mama, nimesahau. Randa iliruka na kuchana ubao. Akaniambia kwa upole kwamba itabidi nianze kama mwanafunzi, bila mshahara, nami nina mtoto anayenyonya. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani. Asubuhi nikavaa kaptula yangu nyeupe.

Usimwambie Hamisi kwamba nimekataa. Mlete akae nasi kidogo, niingie naye wodini, aone damu na asikie vilio, kisha aseme mwenyewe. Akiipenda, nitamwombea nafasi kwa furaha. Asipoipenda, arudi bila aibu, maadamu angali kijana.

Nisalimie mjomba seremala, shangazi aliyenilea, na dada zangu wote. Baba akiuliza, mwambie kazi ninayofanya ni nzuri, na wagonjwa wanapona. Kwamba siipendi, hilo libaki kwetu wawili.

Ni mie mwanao,
Bakari