Zamu ya Kuongeza Mafuta

Mahurunga, Jumatano. Mvua imenyesha alfajiri, mchana jua kali, na mimi nimeshinda uvunguni mwa gari. Mgongo unauma. Moyo angalau umetulia.

Wiki nzima nimekuwa na hasira. Gari la kijiji, ambalo mimi ndiye dereva wake, limekuwa likigoma kubadili gia. Ni ile pikapu kuukuu tuliyoachiwa na wageni waliojenga barabara, isiyo na klachi, inayobadili gia yenyewe. Asubuhi linakwenda vizuri. Likishapata moto, ukifika kilimani injini inanguruma tu, gari halisogei. Mwenyekiti ametangaza kwamba kama halijapona, kesho mkutano utaamua injini ing'olewe ifungwe kwenye mashine ya kusaga. Akina mama walipiga makofi. Siwalaumu, kutwanga kunachosha.

Lakini Somoe, mke wa jirani yetu Hamisi, yuko karibu kujifungua. Mara iliyopita alipelekwa Mtwara kwa baiskeli, mtoto akafia njiani. Mke wangu Paulina, ambaye ni muuguzi wa zahanati yetu, amesema safari hii lazima ajifungulie hospitali. Bila gari, ni baiskeli tena.

Nilianza na lile nililoliogopa zaidi, kwamba giaboksi imekwisha. Nikachomoa kijiti cha kupimia mafuta yake, nikanusa tu, alama sikuzitazama. Hayakunuka kuungua. Yalikuwa mekundu kama siku yalipoletwa. Nikakagua waya wa kanyagio na fimbo za gia, vyote vizima.

Sasa ugonjwa uko wapi?

Nikaliendesha mpaka likaanza kugoma, nikasimama hapohapo na kuchomoa kijiti tena bila kuzima injini, kama fundi wa wale wageni alivyonifundisha. Kijiti kilitoka na povu kama la sabuni ya kufulia, na mafuta yalikuwa yamepita mbali alama ya juu.

Nilicheka peke yangu barabarani.

Gari hili ni la wote, kwa hiyo linatunzwa kwa zamu. Kila zamu, watu wa nyumba kumi hulisafisha, hujaza magurudumu upepo, hutazama mafuta. Halafu mjumbe wao husimama mkutanoni kueleza walichofanya, na hakuna mjumbe anayekubali kusimama aseme hatukuongeza kitu. Wageni walituachia pipa zima la mafuta haya mekundu, na hayafai kwa kazi nyingine. Basi kila zamu wanamimina kidogo. Yakizidi humo ndani, yanapigwapigwa mpaka yanakuwa povu, na povu halina nguvu ya kusukuma gia. Tumelilisha mpaka limevimbiwa.

Hasira yangu niipeleke kwa nani? Muda wote huu nilikuwa namtafuta mharibifu, kumbe ni watu wanaolipenda gari lao.

Nililegeza nati za sinia ya mafuta iliyo chini ya giaboksi, nikayaacha yachuruzike kwenye karai, kisha nikakaza na kurudisha kidogokidogo, huku nikipima, mpaka yakafika penye alama. Nikapakia magunia ya muhogo, nikapanda kilima kitokacho mtoni. Likabadili gia moja baada ya nyingine. Nikarudi, nikapanda tena, maana nilikuwa siamini.

Jioni akaja Hamisi, ameshika kopo la mafuta mekundu.

"Ndugu dereva, nimeomba zamu hii iwe ya kwangu. Sitaki mwenzangu akwame njiani."

Nilitaka kupiga kelele. Nilipomtazama usoni nikashindwa.

"Limeshiba, ndugu yangu. Usiliongezee kitu."

"Basi mimi nifanye nini?"

Aliweka kopo chini, akaenda kwake, akarudi na godoro lake la makumbi kichwani. Akalitandika nyuma ya gari, akapanda, akalala chali. Akaniomba nimpeleke mpaka juu ya kilima, polepole, aone mkewe atakavyojisikia.

Nikaendesha. Gia zikabadilika bila mshtuko. Tulipofika juu nilishuka nikamkuta bado amelala, mikono juu ya tumbo, machozi yanamtiririka mpaka masikioni.

"Halirushi," alisema.

Kesho nitasimama mkutanoni niombe zamu ya mafuta ifutwe, na sijui watu wenye mapenzi kama haya nitawapa kazi gani badala yake. Godoro nimeliacha humohumo garini. Hamisi analala chini.