Maziwa ya Mama

Sake, Alhamisi

Na leo nimekunywa tena. Haya maziwa kaka anatuma kutoka Mushaki ni ya Mama, maana meno yamemuisha na ugali unamushinda. Lakini kwenye mashini ya kusaga mihogo, ninapofanya kazi, sote tunasema maziwa yanasafisha bunga, ule unga tunaovuta, kifuani. Basi kila jioni ninakunywa nusu ya kikombe chake, halafu ninaongeza maji.

Leo kikohozi kilinikamata mbele yake mpaka nikashika ukuta. Akanisukumia kikombe.

“Kunywa yote, mutoto wangu. Najua ni wewe unayapunguzaka. Nilikuwa nakuachia.”

Sikuweza kumutazama.

Papa Kambale, mwenye mashini, atanicheka nikimwambia naacha kazi. Atasema wengi wanaitafuta hii kazi, na ni kweli. Tutakula nini, sijui. Naogopa pia kwamba nikiacha, kifua hakitapona, na nitakuwa nimeacha bure.

Lakini Mama amekonda, na mimi bado nakohoa.

Kesho ninamurudishia Papa Kambale ufunguo wa mashini. Nikikosa nguvu ya kumwambia, basi angalau nisiguse kikombe. Hata hilo nimeliandika mara nyingi humu daftarini.