Moshi wa Maziwa Si Hujuma

Garissa, Jumamosi, Machi 1995. Baada ya Alasiri.

Joto la leo limekaa juu ya bati kama mgeni asiyetaka kuaga. Mawingu yanapita upande wa Tana, yanatuangalia, yanaendelea na safari yao.

Assalaam aleykum, dada yangu Habiba. Hujambo huko Mombasa? Mgongo wako unaendeleaje, na watoto, na mzee wako na kile kifua chake? Sisi hapa tu wazima wa mwili, Alhamdulillah. Tangu Idi sijapata habari zako. Ukurasa huu nauandika katika shajara yangu kama siku zote, lakini huu nitauchana nikutumie, kwa sababu leo nina hasira na sitaki kukaa nayo peke yangu.

Nimeswali nayo. Nimetoa salamu, nimebaki juu ya mswala, nimesema astaghfirullah mpaka ulimi umechoka. Bado iko pale pale.

Ulipohama mimi nilikuwa bado napikia kambi za watu wa mafuta. Siku hizi kazi yangu ni nyingine kidogo. Kampuni kubwa za kutafuta mafuta hazinihitaji, zina ofisi, ndege na walinzi, na wakubwa wa serikali huzipokea kwa chai. Wanaonihitaji ni wale wadogo, watu wawili na boksi la chombo kipya, wanaotaka kampuni kubwa zikubali chombo chao. Wanafika Garissa hawajui waanzie mlango gani. Nawatafutia chumba na dereva, natafsiri, halafu nawapeleka kwa wazee wenye malisho wakaombe ruhusa kwa adabu. Nikisema huyu ni mtu mzuri, wazee wanampisha.

Sina kingine cha kumpa mtu, Habiba. Nina neno langu tu.

Safari hii aliyekuja ni kijana mmoja, mhandisi, anaitwa Mutua. Mkamba, mpole, mla chapati. Ananiita Mama Shukri kama watoto wa mtaani. Kampuni yao ni yeye na rafiki yake aliyebaki Nairobi. Chombo chao ni vichupa vya kioo, vidogo kuliko kidole gumba, na ndani kuna waya uliopakwa unga mweusi wa makaa. Kichupa unakizika ardhini kikiwa wazi mdomo, unakiacha majuma kadhaa, unakifukua, unakitia kwenye mashine yake. Alinieleza jikoni kwangu huku akikoroga sukari. "Ardhi inapumua, Mama Shukri," akasema. "Kama chini kuna mafuta, pumzi yake inapanda pole pole, na haya makaa yanaishika."

Nilipenda. Unajua wale wakubwa wanavyotafuta. Wanaleta tingatinga, wanakata msitu mstari mmoja mrefu kama wembe kichwani, wanachimba mashimo, wanalipua baruti na kusikiliza mtikisiko. Vichupa vya Mutua havikati hata mti. Kampuni kubwa moja ilimwambia ajaribu kule Sangailu. Akifaulu, watatumia vichupa vyake. Akishindwa, watapitisha tingatinga.

Na mstari wa tingatinga ulikuwa upite kwenye kile kichaka cha mashariki ya kijiji, wanapokaa ndama wakati wa kiangazi mama zao wakienda malishoni mbali. Kichaka kikienda, ndama wanakaa juani. Hilo huhitaji kuelezwa, wewe umekulia huko.

Kwa hiyo nilikwenda mwenyewe kwa wazee wa Sangailu nikamsemea. Wakakubali. Nikamwomba wifi yangu Halima, dada wa marehemu mume wangu, akusanye wanawake wasaidie kuzika vichupa, maana wao ndio wanaolijua pori lile kila siku wakitafuta kuni.

Ilikuwa kabla ya Ramadhani. Tulifika na maboksi, Landrova ikakorofisha, Mutua akarudi nayo Masalani kutafuta spea. Maboksi yakabaki nyumbani kwa Halima. Nilimuuliza Mutua niwaambie nini wanawake kuhusu vitu vile. Akasema niwaambie tu ni vyombo vya utafiti, vya kuwekwa ardhini, wavitunze vizuri. Nikatafsiri hivyo hivyo.

Wavitunze vizuri. Na walivitunza.

Sasa wewe, mwanamke wa kwetu, nikikuwekea nyumbani chombo cha mgeni chenye makaa ndani, utafanya nini? Dhiil yako ya maziwa unaitunzaje? Unachoma kijiti cha mti mzuri, unaingiza kaa lake ndani, unafunika, moshi unakaa, maziwa hayachachi upesi na yananukia. Chombo kisichofukizwa ni chombo cha mtu mvivu. Halima alifungua kichupa, akaona weusi wa makaa, akanusa, hakupata harufu ya moshi. Akasema masikini, vya watu hawa vilifukizwa zamani, moshi umeisha njiani. Akawaita wenzake. Wakavifukiza vyote, kimoja kimoja, kwa kuni bora walizokuwa nazo, wakavifunga tena na kuvipanga kwenye maboksi kama mayai.

Mutua akarudi. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna anayejisifu kwa kuosha sahani ya mgeni. Mimi nilikuwa nimelala, kichwa kinaniuma. Vikazikwa.

Baada ya Idi vikafukuliwa, tukaja navyo Garissa, akafunga mashine yake katika chumba changu cha nyuma. Mashine ikaona mafuta kila mahali. Chini ya kichaka, chini ya njia, chini ya makaburi. Mutua alicheka kwanza. Halafu akaingiza kichupa kimoja ambacho hakikuzikwa kabisa, alichokiacha kwenye boksi makusudi ili alinganishe. Nacho kikasema mafuta. Hapo akaacha kucheka, akakinusa, akaniletea na mimi ninuse.

Harufu ya nyumba ya mama yangu, Habiba.

Halima alikuwa mjini kuuza samli. Nilimuuliza, akanijibu pale pale bila kusita, tena kwa fahari kidogo. Nikamweleza Mutua. Akakaa kitako. Nilimhurumia kweli. Nikamwambia twende kwa kampuni kubwa tuseme kilichotokea, tuombe kurudia. Akasema sawa.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi akaja jikoni, hakukaa. Akasema amefikiria. Akisema ukweli, wataona chombo chake kinashindwa na moshi wa kuni, nani atakinunua? Lakini ikisemwa kwamba wenyeji waliviharibu makusudi, kosa si la chombo. Atasema ni hujuma. Ananiomba, kwa kuwa mimi ni mwenyeji, nithibitishe mbele ya msimamizi wa kampuni kubwa siku ya Jumamosi.

Alisema neno lile kama mtu anayesema chumvi.

Hujuma. Kijana amekula nyumbani kwangu, amelala kwenye godoro la mwanangu, halafu anachukua neno kama hilo analiweka juu ya kichwa cha Halima. Nilimuuliza anajua likitamkwa huku kwetu hufuatwa na nini. Akasema ni maneno ya ripoti tu. Maneno ya ripoti! Wewe unakumbuka malori ya askari. Unakumbuka wanaume walivyokalishwa juani, na sisi wanawake tukiokota vyombo vyetu vilivyokanyagwa. Hakuna aliyeuliza kwanza nani kafanya nini. Lilikuwa neno moja tu, limetoka ofisini, limefika kijijini likiwa limevaa buti.

Alikuwa mtoto wakati huo, na alikuwa mbali. Najua. Lakini mimi nilimwambia Alhamisi, na bado hakuniahidi kitu. Aliondoka akisema, "Nifikirie na mimi, Mama Shukri."

Sikulala vizuri. Ijumaa nikamtumia Halima, aliyekuwa bado mjini, salamu aje.

Leo asubuhi tukaenda kwenye ofisi ya kampuni kubwa, ile nyumba yenye ukuta mweupe. Halima alikuja amejitanda garbasaar yake ya harusi za watu, na kwa kuwa haendi kwa mtu mikono mitupu, alibeba dhiil ya maziwa. Msimamizi ni mtu mzima wa Nairobi, anasema taratibu, anakuangalia. Mutua alikaa pembeni. Msimamizi akasema ameambiwa kwenye simu kwamba vyombo viliharibiwa, na kwamba kuna shaka ya hujuma. Kwa hiyo kijana alikuwa ameshalisema. Kabla hata ya kunisikia.

Nilihisi damu imepanda mpaka masikioni. Nikasema bismillah moyoni, nikaongea. Nilieleza kama nilivyokueleza wewe, tangu Landrova mpaka kuni. Nikasema hawa wanawake hawakuambiwa vichupa vinanusa. Mtu usipomweleza kazi ya chombo, atakifanyia lile jema analolijua. Msimamizi akamgeukia Mutua, akamuuliza kama ni kweli. Mutua akasema ni kweli.

Msimamizi akasema, basi ni uzembe wa akina mama. Nikamtafsiria Halima. Sikutaka, lakini nilitafsiri.

Halima hakukasirika, ndilo linaloniuma zaidi. Alichukua vikombe vya ofisi, akavinusa kwanza, nikamfinya asiseme kitu, akamimina maziwa. Msimamizi akanywa. Akasema yana ladha ya moshi.

"Mwambie vichupa vyake vilikunywa moshi huo huo," Halima akaniambia. "Na umwambie vilipokuja vilikuwa vinanuka duka."

Nikatafsiri lote. Yule mzee akacheka mpaka akaweka kikombe chini, kisha akaomba aongezwe. Neno hujuma halikurudi tena chumbani. Nililiona likitoka mlangoni, wallahi.

Nilidhani tumemaliza. Hatukumaliza. Msimamizi akajipangusa mdomo akasema tingatinga ziko tayari, na mvua ikianza hazitapita, kwa hiyo hana nafasi ya kungoja sana. Mutua akasema anavyo vichupa vingine Nairobi, vipya, na akivizika sasa hivi atavifukua kabla ya mvua kuchanganya. Msimamizi akafikiri. Akasema atazuia tingatinga, ila kwa sharti moja. Anataka mwenyeji wa kumdhamini kijana huyu kwa wazee, asije akaambiwa kesho kijiji kimekataa.

Wote wakaniangalia.

Unaona walivyonifunga? Nikikataa, kichaka cha ndama kinakatwa. Nikikubali, napeleka tena kwa wazee, kwa neno langu, mtu yule yule aliyekuwa tayari kuwaletea malori ili chombo chake kisionekane kina doa. Mbele ya wazee nitasema nini? Huyu ni mtu mzuri? Nitaapa kwa nani?

Nilisema nitajibu. Tukatoka. Nje Halima akaniuliza kwa nini nimekunja uso, mambo yamekwenda vizuri. Ilibidi nimweleze hujuma ni nini, maana ndani sikulitafsiri lile neno. Lile peke yake nililiruka. Alisimama pale kwenye mchanga ameshika dhiil tupu. Tukatembea mpaka sokoni.

Halafu akasema, "Abaayo, dada yangu, nilimchagulia kuni za kwangu mwenyewe."

Basi. Ni hilo tu alilosema, na ndilo ninalolia nalo sasa.

Wanasema watu wa huku hatujui mambo mapya. Nimeishi na watu wa mambo mapya tangu Shukri akiwa mgongoni. Sijaona chombo kilichoshindwa huku kwa sababu sisi ni wajinga. Nimeona vingi vilivyoshindwa kwa sababu mwenye chombo aliona kutueleza ni kupoteza wakati. Na kikishindwa, anatafuta mtu wa kumtwika, na mwepesi wa kutwikwa ni yule asiyekuwepo chumbani. Mungu anisamehe ukali wangu. Lakini hata nikipoa, hili sitalibadilisha.

Mutua yuko nje. Amekuja tangu Adhuhuri, amekaa kwenye benchi ya duka, hajabisha hodi. Nimempelekea chai. Hasira si sababu ya kumwacha mtu na kiu. Nilipomwekea kikombe alisema, "Nisamehe, Mama Shukri." Nikamwambia mimi si wa kwanza kuombwa.

Nimempa sharti langu. Nitakwenda naye Sangailu, lakini kwa wazee sitasema neno kumsifu. Ataanza nyumbani kwa Halima. Atakaa chini na wale wanawake wote waliofukiza, atafungua kichupa mbele yao, awaeleze kinanusa nini na kwa nini moshi unakidanganya, kama alivyonieleza mimi jikoni. Halafu aseme kwa mdomo wake lile neno alilolitamka kwenye simu, na aombe msamaha kwalo. Mimi nitalitafsiri, safari hii siruki kitu. Wakimkubali wao, hao ndio wamdhamini kwa wazee, si mimi. Wakimkataa, nitarudi naye Garissa kimya, na tingatinga zikija tutajua tumezipokea tukiwa na heshima yetu.

Alisikiliza. Akauliza, je, wakikasirika? Nikamwambia watakasirika. Bado yuko pale, chai imepoa mkononi, hajanijibu.

Na mimi roho yangu haijatulia, Habiba. Je, nina haki ya kuweka kichaka cha ndama wa watu kwenye mizani na msamaha wa kijana mmoja? Au ningemeza hasira, nikamdhamini, nikamwachia Mwenyezi Mungu mengine? Halima akiulizwa atasema mlete tu, mimi nitamfundisha kufukiza. Yeye ni mwema kuliko mimi.

Muadhini anakohoa, anajiandaa kwa Magharibi. Naenda kuchukua udhu.

Gari la Mombasa linaondoka Jumatatu asubuhi, dereva ni yule mtoto wa jirani yetu wa zamani, anaijua nyumba yako. Msomee mzee wako, halafu uniambie ungefanya nini wewe. Mpe jibu huyo huyo dereva arudi nalo. Tafadhali, dada yangu, nijibu upesi.