Luc, Mashine Inawaka Sasa

Uvira, Mulongwe
Tarehe 4 Machi 2024

Mdogo wangu mpendwa Luc,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U mzima? Kazi inaendaje, na baridi ya Norwe imepungua? Sisi huku tunaendelea. Mama hajambo, magoti tu yanamsumbua akitoka kanisani. Ziwa limepanda tena na limekula ukuta wa jirani, lakini kwetu bado halijafika, Mungu ashukuriwe.

Nakuandikia kwa kalamu, na barua anakuja nayo Cyprien, yule binamu wa mume wangu anayerudi huko. Usicheke. Tukiongea kwa mashine, ile kompyuta uliyotutumia, Mama anakaa ubavuni mwangu, na unajua tangu ile homa iliyomziba masikio ukiwa mchanga, anasoma midomo ya watu kuliko sisi tunavyosoma Biblia. Leo nina maneno ambayo sitaki ayaone kinywani mwangu.

Kwanza niteme hasira. Luc, ile mashine imenitesa! Ulipoituma tulifurahi, kwa sababu simu yangu ni ndogo na Mama lazima aone uso wako na mikono yako ndipo muelewane. Novemba ukatuambia tufanye mise à jour, tupakue mfumo uliosasishwa. Tukafanya, na tangu siku ile kioo kikafifia mpaka wewe ukawa kivuli kinachopunga mkono. Nabonyeza vitufe vya mwanga, kile kipimo kidogo kinapanda vizuri hadi juu kabisa, na giza linabaki palepale. Nani alitengeneza kitu cha kudanganya watu hivyo?

Nikaipeleka kwa Clovis, fundi wa karibu na soko. Akakigonga kioo kwa ukucha, akasema, "Mama Fanny, hii écran imekufa, tununue ingine." Imekufa vipi? Kila nikiwasha, alama ya kiwanda inatokea nyeupe mpaka inaumiza macho. Giza linakuja baadaye, mfumo ukishaanza kazi. Nilipomwonyesha, akaniuliza fundi ni nani kati yetu.

Na wewe je? Kazi yako ni kompyuta asubuhi mpaka jioni, na jibu lako likawa moja tu: "Ngojea mise à jour ingine, yaya Sido." Dada yako nikangojea. Zilikuja, zikanimalizia mega za intaneti, giza likabaki. Wanasema subira yavuta heri. Yangu ilivuta mpaka kamba ikakatika.

Hapo katikati Mama akajipatia maelezo yake. Uliwahi kumwambia kwamba huko kaskazini, wakati wa baridi, jua halichomozi. Basi alipokuona kivuli, akaamua hilo ndilo giza lenyewe na mwanawe anaishi ndani yake. Nikamweleza kwamba mashine ndiyo mbovu. Akanikaripia kwa ile sauti yake kubwa asiyoisikia mwenyewe: "Mutoto wangu iko mu giza, na weye unanielezea bitu bya mashine!" Akamwambia rafiki yake Pudentienne, na unamjua Pudentienne, jua halijatua wamama wote wa kanisa wana habari. Wakaanza kufunga kila Ijumaa kwa ajili yako. Kaka Venant naye akaja kutoka Kamanyola kuniuliza kwa nini hatukurudishi nyumbani. Mimi ndiye nikawa mkosaji.

Nilichoka. Nikaenda na mashine ofisini kwa rafiki yangu Victoire, ambako kuna mtandao mzuri, nikaanza kutafuta. Kumbe watu wa dunia nzima wenye mashine kama yetu wanalia kilio kimoja! Nilivyoelewa, mashine ina njia mbili za kurekebisha mwanga, na kile kiini cha mfumo, mnachokiita kernel, baada ya ile mise à jour kinashika njia isiyofika kwenye taa ya kioo. Ni sawa na kufungua bomba la nyumba ya jirani ukingojea maji kwako. Dawa yake ni kuongeza acpi_backlight=native kwenye mstari mmoja wakati wa kuwasha, ili kishike ile njia nyingine. Maneno mawili matatu tu, Luc!

Hata hayo yalinitoa jasho. Mahali pale pa kuandika, kabla mfumo haujaanza, mashine haivitambui vitufe vyake vya Kinorwe. Nabonyeza alama ya sawasawa, inatoka mabano. Nabonyeza kistari cha chini, inatoka alama ya kuuliza. Nilidonoa kitufe kimoja kimoja kama kuku mpaka yakakaa sawa, na kioo kikawaka. Nilipiga kelele mpaka Victoire akadhani nimefiwa.

Jana baada ya ibada nikamkalisha Mama mbele ya mashine, tukakupigia. Ukatokea wazi kabisa, ukacheka, ukapunga mikono. Mama hakupunga. Alivaa miwani, akasogea karibu. Aliangalia shingo yako, akaangalia mashavu, kisha ile plasta iliyo nyuma ya kiganja chako, kama ya sindano ya hospitali, ambayo uliifunika haraka kwa sweta. Nami niliiona. Akakuuliza habari za theluji, ukamjibu, mkaagana.

Nilipofunga mashine akaniambia, "Luc iko mugonjwa. Weye ulikuwa unajua?"

Sikuwa najua. Na tangu hapo najiuliza kwa nini mtu wa kazi hiyohiyo ya kompyuta alituacha na giza miezi yote, wakati dawa yake mimi niliipata kwa kutafuta tu. Niambie nimekosea, nitafurahi. Lakini nimeumia, Luc. Methali ya mficha maradhi unaijua, sina nguvu ya kuimalizia hapa.

Venant, Fanny wangu na Victoire wanakusalimu sana. Mungu akuguse kila panapokuuma. Jumapili ya kwanza baada ya kupokea barua hii, mwambie Mama mwenyewe ni ugonjwa gani, usimpitishie kwangu.

Jana jioni Pudentienne alikuja na wamama wenzake kwa nyimbo, kushukuru kwamba umeonekana na kufunga kumekwisha. Mama aliwasimamisha mlangoni. "Musimalize," akawaambia. "Sasa ndo tunaanza."

Dada yako akupendaye, hata kwa hasira hizi,
Sidonie