Mize Hakutaka Kwenda Maji Marefu

Maskati

Mama yangu,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, na uvimbe wa mguu umepungua. Mimi afya ninayo, alhamdulillahi. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ningesema nusu, kisha nisingizie mtandao.

Dada Raya kaniambia mwani umekufa tena hapo Gando, umegeuka mweupe ukakatika kwenye kamba, na kwamba bamvua hili, maji yakitoka mbali, unataka kwenda kupanda maji marefu, ambako joto halijafika. Najua samaki nao wamehama, ami Hamadi anarudi na dema tupu. Hata hivyo, Mama, usende.

Unaikumbuka siku aliyozama mwenzangu Mize. Watu walisema kajitakia, mkaidi, kenda kule na kuogelea hajui. Hata mumewe alisema hivyo matangani. Nilikuwapo, nikanyamaza.

Mama, Mize hakutaka kwenda. Mwani wetu wa pwani ulikuwa umeoza mara ya tatu, maji yanaunguza miguu. Nikamwambia, "Twende mbele kidogo, kule kuna ubaridi."

"Mie naogopa, Bikombo. Maji yakijaa je?"

"Tutarudi kabla hayajajaa."

Nikamshika mkono, nikamvuta. Tulifunga kamba mbili, maji yakiwa kifuani. Yalipoanza kujaa alisema turudi, nami nikasema tumalizie ya tatu. Wimbi likatunyanyua. Akanishika mkono kwa nguvu. Mama, nilijinasua. Miguu yangu ikagusa fungu la mchanga, nikasimama. Nilipogeuka niliona mtandio wake tu.

Bibi ninayemhudumia hapa ni mtu mzima sana. Kila asubuhi nikimkogesha hunishika mkono vile vile alivyonishika Mize, asiteleze. Nimeshindwa kunyamaza tena.

Mpelekee barua hii Bi Riziki, mama yake Mize, umsomee yote, usimfiche neno. Akinilaani, nimestahiki. Lakini asiendelee kusikia mwanawe akiitwa mkaidi.

Nisalimie Dada Raya, ami Hamadi, na shangazi Fatma anayenilelea binti yangu. Mtoto akiuliza narudi lini, mwambie sijui. Nauli si tabu. Sijui nitapitaje mbele ya mlango wa Bi Riziki.

Mwanao,
Bikombo